Tarakilishi Imepata Macho; Nani Ataifunza Kuona?

WAHENGA walisema macho hayana pazia. Lipitalo mbele yake huonekana, liwe jema au baya, liwe letu au la jirani. Methali hii ilisemwa kwa ajili ya binadamu, lakini leo haina budi kutumiwa pia kwa tarakilishi, au kompyuta kama wengi wanavyoiita. Kwa miaka mingi chombo hiki kilikuwa kipofu. Ili kikutii ilikubidi ubonyeze kibodi, usukume kipanya au uguse skrini kwa kidole. Siku hizi kimewekewa kamera na kufunzwa kuifasiri picha inayoingia. Kinatambua uso, kinafuata mwendo wa kichwa, kinasoma umbo la vidole. Mtu anaweza kukiamuru kwa kuinua mkono tu, bila kukigusa.

Walimu na wanafunzi wengi wa Kitengela, Isinya, Kajiado mjini na Namanga wasikiapo habari hizi hudhani kwamba hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani, ambayo sisi tutayapokea yakiwa yamekwisha kupikwa na kupakuliwa. Fikira hiyo ni ya kupotosha. Maarifa ya kuona na kutambua yana mizizi katika ardhi hii hii. Tena wanaoihitaji zaidi mashine inayoona wamo madarasani mwetu: mtoto asiyeweza kushika kalamu, na mtoto ambaye mikono yake ndiyo ulimi wake. Nitajaribu kuonyesha katika makala haya kwamba mashine hiyo haitawafaa watoto hao sawasawa mpaka sisi wenyewe tushiriki katika kuifunza.

Tuanze na simba. Kitengela imepakana na Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, ambayo upande wake wa kusini haukuzungushiwa ua kama pande nyingine. Mwaka 1970 watafiti wawili, Pennycuick na Judith Rudnai, walichapisha njia ya kumtambua simba mmoja mmoja kwa kutazama vitone vyeusi vilivyo kwenye mashina ya masharubu yake. Rudnai alikuwa akiwachunguza simba wa mbuga hiyo hiyo ya Nairobi. Mpangilio wa vitone hivyo hutofautiana baina ya simba na simba, nao haubadiliki anapozeeka. Kwa hiyo uso wa simba ulisomwa kama mtu asomavyo ukurasa wa kitabu, na kazi hiyo ilifanywa kwa macho, kalamu na karatasi kabla ya tarakilishi ndogo kuingia nchini.

Kusini zaidi, katika nyanda za Amboseli ambazo nazo zimo katika Kaunti ya Kajiado, shirika la Lion Guardians lilianza mwaka 2007 kuwaajiri morani wa Kimaasai kuwa walinzi wa simba. Vijana ambao hapo awali wangewawinda walipewa kazi ya kufuata nyayo zao, kuwapa majina na kuwaonya wafugaji wanapokaribia mifugo. Baadaye shirika hilo hilo lilianzisha hazina ya picha za simba ambamo tarakilishi hulinganisha nyuso na kusema kama simba aliyepigwa picha leo ndiye yule aliyeonekana mwaka jana mahali pengine. Hebu tazama mfululizo huo: mtafiti aliona kwanza, morani akaona, ndipo tarakilishi ikafunzwa kuona walichokiona wao. Mashine haikubuni maarifa hayo. Iliyarithi kwa watu.

Mfano wa pili ni wa Richard Turere, kijana wa Kitengela ambaye ulimwengu ulimsikia akihutubia kongamano la TED huko California mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 13. Jukumu lake nyumbani lilikuwa kulinda ng'ombe wa baba yake. Alijaribu moto, simba wakautumia kuona vizuri zaidi. Akasimamisha sanamu ya mtu, simba wakaiogopa usiku wa kwanza, lakini usiku wa pili wakagundua kwamba haitikisiki. Kisha akatambua kwamba alipozunguka boma akiwa na tochi, simba hawakuja. Mwanga unaosogea uliwatisha. Kwa betri ya gari, paneli ndogo ya umeme wa jua, kifaa cha kumulikisha taa za pikipiki na balbu za tochi mbovu, akaunda taa zinazowaka na kuzimika kwa zamu, simba akadhani kuna mtu anayetembea. Taa hizo hazina kamera wala tarakilishi. Hata hivyo, aliyezibuni alijiuliza swali ambalo ndilo msingi wa elimu tunayoizungumzia: kiumbe aliye mbele yangu anaona nini hasa, na anakitafsiri vipi? Mwanafunzi atakayeifunza mashine kuona hana budi kuanza na swali hilo hilo.

Sasa tuulize mashine inaona nini. Mwalimu wa hesabu anaweza kulifundisha jambo hili bila tarakilishi hata moja. Awaambie wanafunzi wafungue daftari la hesabu lenye miraba, wachore herufi kubwa T kwa kutia wino miraba kadhaa, kisha waandike nambari katika kila mraba: 0 palipo na weusi kabisa, 255 palipo na weupe kabisa, na nambari za kati kwa rangi ya kijivu. Hapo wamekwisha kuitengeneza picha kama tarakilishi iijuavyo. Picha ya kawaida ya kamera ndogo ina miraba 640 kwa upana na 480 kwa kimo, yaani miraba 307,200. Picha ikiwa ya rangi, kila mraba una nambari tatu, ya wekundu, ya ukijani na ya ubuluu, jumla 921,600. Kamera ikipiga picha 30 kila sekunde, tarakilishi hupokea nambari zaidi ya milioni 27 kwa sekunde moja. Haioni mkono, inaona mvua ya nambari.

Mkono hutokaje katika mvua hiyo? Kwanza kwa kutafuta kingo. Nambari nne zikifuatana hivi, 20, 20, 200, 200, mwanafunzi akitoa kila moja katika ile inayofuata atapata 0, 180, 0. Ile 180 inapiga kelele kwamba hapa kitu kimoja kimekoma na kingine kimeanza. Kisha kingo huunganishwa kuwa maumbo, na maumbo kuwa vitu. Hapo zamani wataalamu waliandika kanuni za kuunganisha kwa mikono yao wenyewe. Siku hizi mashine huonyeshwa mifano mingi mno, kila mfano ukiwa umewekewa alama na binadamu, mpaka ikajipatia kanuni zake. Mwaka 2019 kampuni ya Google ilitoa programu inayotambua mkono katika picha na kutaja mahali pa nukta 21 zake: kifundo cha mkono, viungo vya vidole na ncha za vidole. Ili kuifunza, watu walikaa wakaweka nukta hizo 21 kwa mkono juu ya picha halisi zipatazo 30,000. Programu hiyo hutolewa bure, nayo hufanya kazi ndani ya simu bila kutegemea intaneti kila wakati.

Nukta zikishapatikana, yaliyobaki ni hesabu ya kidato. Tafuta umbali baina ya ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole cha shahada. Umbali ukipungua kupita kiasi fulani, hesabu kwamba mtu amebofya. Nukta ya kidole cha shahada ikisogea kulia, sogeza kishale cha skrini kulia. Mwanafunzi ambaye amekuwa akiuliza kanuni ya Pythagoras itamfaa nini maishani atapata jibu lake hapo.

Elimu hii haikuzuka jana. Katika miaka ya 1970 Mmarekani Myron Krueger alitengeneza chumba alichokiita Videoplace, ambamo kamera ilinasa kivuli cha mtu na kumwezesha kuchezea michoro ya mwanga kwa mikono mitupu. Mwaka 2010 kampuni ya Microsoft iliuza Kinect, kifaa cha michezo kilichosoma mwili mzima wa mchezaji. Kutoka chumba cha mtafiti hadi sebuleni ilichukua zaidi ya miaka 30. Kutoka sebuleni hadi simu ya mkononi haikuchukua hata 10. Leo simu ya bei ya chini inayouzwa katika maduka ya Kitengela ina kamera mbili na nguvu ya kukokotoa ambayo Krueger hangeiota. Kwa hiyo kinachokosekana si chombo.

Anayeweza kufaidika kwanza ni mtoto ambaye mikono yake haimtii. Mjini Kajiado kuna kituo cha kanisa la AIC ambacho kwa miaka mingi kimewahudumia watoto wenye ulemavu wa viungo. Katika shule za kawaida za kaunti hii nako wamo watoto ambao kupooza kwa ubongo kumewaacha na akili timamu lakini vidole visivyotulia. Mtoto wa namna hiyo hujua jibu na hana njia ya kulitoa. Mwalimu akiwa na wanafunzi 50 au 60 mbele yake hana nafasi ya kumsubiri. Mwisho wa yote mtoto huandikiwa alama za chini, na jamii husema hana akili.

Kwa mtoto huyu mashine inayoona si anasa. Watafiti wa vyuo vya Boston College na Boston University, Marekani, walibuni programu iitwayo Camera Mouse na kuieleza katika maandishi yao mwaka 2002, kisha ikatolewa bure kwa yeyote anayeihitaji. Kamera huchagua sehemu moja ya uso, kwa mfano ncha ya pua, na kuifuata. Kichwa kikigeuka, kishale cha skrini hugeuka nacho. Kishale kikitulia mahali pamoja kwa muda mfupi, huhesabiwa kuwa ni kubofya. Kwa njia hiyo mtoto huweza kuchagua herufi moja moja na kuunda neno. Mwaka 2023 Google nayo ilitoa programu ya kuongoza kishale kwa mwendo wa kichwa na ishara za uso, kama vile kuinua nyusi au kufungua kinywa, na mwaka 2024 kampuni ya Apple iliweka katika simu zake uwezo wa kufuata macho ya mtumiaji kwa kamera ya mbele. Kinachohitajika ni tarakilishi moja yenye kamera, na mwalimu mwenye subira ya kujaribu.

Tukumbuke kwamba serikali ilianza kupeleka tarakilishi katika shule za msingi za umma mwaka 2016, na zaidi ya vifaa milioni moja viligawiwa nchini. Ningependa wakuu wa shule wajiulize: Je, kuna hata kimoja ambacho kimetengwa kwa mtoto asiyeweza kushika kalamu?

Wa pili ni mtoto kiziwi, na hapa mambo ni mazito zaidi, kwa sababu tunazungumzia lugha. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inaiagiza serikali kukuza matumizi ya Lugha ya Ishara ya Kenya, Breli na teknolojia za mawasiliano zinazowafaa watu wenye ulemavu. Kifungu cha 120 kinaitaja Lugha ya Ishara kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Hii ni heshima kubwa, lakini mtoto kiziwi akienda dukani Kitengela, kituo cha polisi au zahanati, heshima hiyo huibakiza mlangoni. Anayemsikiliza hana macho ya kuisoma lugha yake.

Wakenya wamelijaribu tatizo hili kwa njia mbalimbali. Roy Allela alibuni glavu zenye vitambuzi kwenye vidole, ambazo hutuma ishara kwa simu nayo simu ikatamka neno. Alisukumwa na hamu ya kuzungumza na mtoto wa ndugu yake aliyezaliwa kiziwi. Ni ubunifu wa kusifiwa. Lakini glavu ina mpaka wake, nao mpaka huo unatokana na hali ya lugha yenyewe. Wanaisimu wamejua tangu kazi ya William Stokoe mwaka 1960 kwamba ishara haikai katika vidole peke yake. Kuna umbo la mkono, mahali unapowekwa, mwendo wake, uelekeo wa kiganja, na juu ya hayo kuna uso. Nyusi zikiinuliwa, kauli hugeuka swali. Kichwa kikitikiswa, hugeuka kanusho. Glavu haiwezi kuziona nyusi. Kamera yaweza. Hii ndiyo sababu ya kuamini kwamba mashine itakayoielewa lugha ya viziwi itakuwa mashine yenye macho.

Macho hayo yatatazama mikono ya nani? Lugha ya Ishara ya Kenya si ile ya Marekani wala ya Uingereza. Ina msamiati na sarufi yake. Mashine iliyofunzwa kwa ishara za Marekani ikiletwa Kajiado itakuwa kama mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege akidhani kila Mwafrika anaongea lugha moja. Kwa bahati njema kazi ya kuifunza imeanza. Katika Chuo Kikuu cha Maseno, Lilian Wanzare na wenzake wamekusanya hazina ya Lugha ya Ishara ya Kenya yenye sentensi zaidi ya 14,000 za Kiingereza pamoja na tafsiri zake za ishara, na video zipatazo 20,000, wakishirikiana na walimu na wanafunzi viziwi. Na mwezi Oktoba mwaka 2025, huko Dakar, Mkenya Elly Savatia alitunukiwa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi kwa programu ya Terp 360, inayogeuza maneno yaliyosemwa au kuandikwa kuwa ishara zinazoonyeshwa na kiwiliwili cha kuchorwa kwenye skrini.

Tuipongeze kazi hiyo, lakini tuone pia pengo lililobaki. Programu inayogeuza maneno kuwa ishara humsaidia kiziwi kuelewa. Haijamsaidia kueleweka. Njia ya kurudi, kutoka mikononi mwake hadi masikioni mwa daktari au karani, ndiyo ngumu, na ndiyo inayohitaji jicho la tarakilishi. Video 20,000 ni mwanzo mwema, lakini tukikumbuka kwamba picha 30,000 zilitumika kuitambulisha mikono tu, bila lugha yoyote, tutaona safari ilivyo ndefu. Lugha ina vijiji vyake, umri wake na utani wake. Mtoto wa Loitokitok si lazima aonyeshe kila neno kama mtoto wa Kisumu.

Kuna jambo jingine, nalo ni rangi ya ngozi. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walizipima programu tatu za kampuni kubwa zilizodai kutambua jinsia ya mtu kwa uso. Kwa wanaume weupe makosa hayakufika hata asilimia 1. Kwa wanawake weusi programu mojawapo ilikosea kwa asilimia 34.7. Mashine hizo hazikuwa na chuki. Zilikuwa zimelishwa picha nyingi za watu wa aina moja na chache za wengine. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Sasa fikiria mkono mweusi wa mtoto, mbele ya ukuta wa mabati ulioingia kutu, katika darasa lenye dirisha moja, jua la Kajiado likichoma nje na giza likiwa ndani. Kama mashine haikuonyeshwa mkono wa namna hiyo wakati wa kufunzwa, itaupoteza. Mtoto ataambiwa arudie ishara, arudie tena, mwishowe ataacha.

Kinachoumiza zaidi ni kwamba vijana wa Kenya wanaijua kazi ya kufunza mashine kuona. Jijini Nairobi, kampuni ya Sama, iliyoanzishwa mwaka 2008, imewaajiri vijana wengi kuweka alama kwenye picha: hapa pana gari, hapa mtu, hapa mti. Jicho la Mkenya limeyafunza magari ya ng'ambo kuijua barabara ambayo yeye hajaikanyaga. Sina kinyongo na mtu anayetafuta riziki. Nauliza tu ni lini ustadi huo huo utatumika kuifunza mashine kuyaona madarasa yetu.

Najua msomaji mmoja ameanza kunung'unika. Atasema: shule zetu hazina madawati ya kutosha, maji ni shida, ukame ukija wanafunzi huhama na mifugo, na mwandishi huyu anatuhubiria macho ya tarakilishi! Malalamiko hayo yana uzito, nami sisemi dawati liuzwe ili kununua kamera. Lakini tusisahau kwamba umaskini wa shule humwelemea mtoto mwenye ulemavu mara mbili. Kaunti ya Kajiado ilikuwa na watu 1,117,840 katika sensa ya mwaka 2019, waliotawanyika katika eneo kubwa mno. Mzazi wa Magadi au Mashuuru hawezi kumpeleka mtoto kila juma kwa mtaalamu wa mbali. Chombo kilichokwisha kununuliwa, kikiwekewa programu ya bure, ni nafuu kuliko safari hizo.

Msomaji mwingine atahofu kwamba mashine itamwondoa mkalimani kazini. La hasha! Mahakamani, hospitalini na katika chumba cha mtihani, neno moja likikosewa laweza kumwangamiza mtu, na programu hizi bado hukosea. Mkalimani hodari atabaki kuwa nguzo. Mashine ifae pale ambapo mkalimani hayupo wala hatarajiwi kuwapo, kama vile dukani, njiani na kwenye foleni.

Hofu ya tatu ndiyo ninayoiafiki zaidi, nayo inaturudisha kwenye methali yetu. Jicho lisilo na pazia huona hata lisilotakiwa. Mwishoni mwa Julai 2023 maelfu ya watu walipiga foleni Nairobi ili kampuni ya Worldcoin iwapige picha mboni za macho, wakiahidiwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takribani shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo tarehe 2 Agosti mwaka huo, na mwezi Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru habari za miili ya watu zilizokusanywa zifutwe. Waliopanga foleni hawakuwa wajinga. Walikuwa na njaa, na hakuna aliyewaeleza kwa lugha wanayoielewa jicho la mashine litakwenda wapi na mboni zao.

Walimu nao waangalie. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu alama ya mwili, kama vile uso na mboni, kuwa habari nyeti, na inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kutumiwa. Mwezi Septemba mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kwa hiyo mwalimu atakayewapiga wanafunzi video ili kuifunza mashine hata kwa nia safi, aombe ruhusa kwanza, aeleze kwa Kiswahili au Kimaasai video zitatumikaje, na ajue zitahifadhiwa wapi. Inapowezekana, ahifadhi nukta 21 za mkono badala ya uso wa mtoto. Lugha ikihitaji nyusi na kinywa, basi na idhini iwe ya uzito huo.

Tufanye nini basi? Kwanza, kila kituo cha kaunti cha kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu kiwe na tarakilishi moja yenye kamera na programu ya kufuata kichwa, ili mtoto apimwe akiwa na njia ya kujibu. Mtoto hawezi kuitwa mzito wa akili kabla hajapewa ulimi.

Pili, vyama vya sayansi shuleni vichague mradi mmoja wa namna hii kwa ajili ya mashindano ya sayansi na uhandisi. Wanafunzi wa Kitengela wasishindane kuiga mchezo wa kugusa puto hewani, ambao umefanywa mara elfu. Waipime programu ya mikono katika mwanga wa asubuhi, wa adhuhuri na wa jioni, juu ya ngozi za rangi tofauti na shuka za rangi tofauti, kisha waandike ni mara ngapi ilikosea. Jedwali hilo peke yake ni utafiti, na huenda likawafaa hata wale walioiunda programu.

Tatu, viziwi wawe walimu, si vielelezo. Mara nyingi watu wenye kusikia wameunda vyombo vya ishara kwa huruma, wakavipeleka kwa viziwi vikiwa vimekamilika, wakashangaa kuona havitumiki. Chama cha sayansi kitakachoanza kazi hii kimtafute kiziwi, mtu mzima au mwanafunzi, kimkalishe kitini, kimwache aseme lipi linamkera na lipi angelitaka. Wanafunzi wenye kusikia watajifunza ishara 100 kwa njia hiyo, na hata mashine isipofaulu, mtoto mmoja atakuwa amepata wenzake wa kuzungumza nao.

Nne, walimu wa Kiswahili watusaidie na maneno. Mwanafunzi asiyeweza kueleza kwa lugha yake ukingo wa picha, nukta ya kiungo au kosa la utambuzi hataweza kumweleza mama yake kwa nini anaomba idhini. Sayansi isiyotamkika nyumbani hubaki shuleni.

Morani wa Amboseli hakumjua simba kwa siku moja. Alimfuata kwa nyayo, akamtazama uso, akampa jina, ndipo akaweza kumwonyesha mwingine. Watoto wetu wasioshika kalamu na wasiosikia nao wangali wanangoja mtu awatazame kwa makini kiasi hicho. Muhula ujao ukifunguliwa, mwalimu atakayetaka kuanza atahitaji kurasa chache za daftari la hesabu, simu moja, barua za idhini zilizotiwa sahihi na wazazi, na mwanafunzi mmoja ambaye mpaka leo hajawahi kuulizwa anafikiri nini.